Nauli ya Shangazi Hadi Tunduma

Kutoka Msamvu, Morogoro, hadi Tunduma ni kama kilomita 740 za barabara kuu iendayo Zambia. Kwa viwango vya LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, vilivyoanza kutumika Desemba 2023, abiria wa basi la daraja la kawaida hatakiwi kutozwa zaidi ya shilingi 48.47 kwa kilomita, na wa daraja la kati zaidi ya 67.84. Ukipiga hesabu, daraja la kawaida linakaribia 36,000 na la kati linavuka 50,000. Kwa mtu wa mshahara ni pesa ya kujipanga. Kwa Shangazi, mama wa miaka 74 anayeuza mihogo ya kukaanga kibarazani kwake Kihonda, hiyo ni mihogo, mafuta na mkaa kwa pamoja.

Lakini alitaka kwenda. Sisi ni Wanyiha wa Mbozi, upande wa Igamba. Baba alihamia Morogoro akiwa kijana, akamwita dada yake, wakazeekea huko. Baba ametangulia. Mimi nilizaliwa Morogoro, na kwetu nilikuwa nakujua kwa masimulizi ya jioni tu. Mdogo wao wa mwisho, Baba Mdogo, ana nyumba Tunduma. Safari ikapangwa hivi: Shangazi akamwone mdogo wake, nami nikaione Songwe kwa mara ya kwanza, nauli juu yangu. Nikaona kabla ya kufungua pochi niulize jambo ambalo sijawahi kulisikia likiulizwa kwenye dirisha la tiketi: nauli ya mzee ni kiasi gani?

Wakala alikuwa kijana mdogo, kofia imegeuzwa nyuma. Alipomwona Shangazi aliigeuza ikakaa sawa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Habari za kazi?"

Nikauliza swali langu. Kijana akanigeuzia ile mashine ya tiketi mtandao nione mwenyewe. Inataka jina, namba ya simu, kituo cha kupandia na cha kushukia, namba ya siti. Kisha inauliza kama abiria ni mtu mzima au mtoto. "Mzee hayumo humu," alisema, na hakusema kwa kiburi. Alisema kama mtu ambaye na yeye ndiyo kwanza ameliona hilo.

Shangazi hakuomba punguzo. Alisogea dirishani, akaweka mkono juu ya kaunta, akasema taratibu: "Mwanangu, bibi yako nakwenda kwetu, na kwa miaka hii sijui kama nitakwenda tena. Nitazame." Halafu akanyamaza. Kijana aliinama, akabonyeza mashine, tiketi ikatoka na bei kamili. Akaiweka mbele yetu, akachukua noti zangu, akanirudishia 5,000. "Hiyo nimetoa kwenye changu," akasema. "Kwenye kamisheni."

Nimeifikiria sana ile 5,000. Tajiri wa basi alipata bei yake yote. Serikali ilipata chake. Aliyempunguzia Shangazi nauli ni kijana anayesimama juani tangu alfajiri, ambaye bila shaka naye ana bibi mahali anayetumiwa pesa. Shangazi aliliona hilo kabla yangu. Asubuhi ya safari alifika na mfuko wa mihogo ya moto, akaukabidhi dirishani, na yule kijana akampeleka mwenyewe hadi kwenye siti ya mbele, nyuma ya dereva.

Kisheria hakuna kilichomzuia tajiri kufanya alichofanya kijana wake. Viwango vya LATRA ni vya juu kabisa. Vinakataza kuzidisha, havikatazi kupunguza. Ndiyo maana katikati ya wiki, miezi ambayo shule hazijafungwa, mabasi yenyewe hushusha bei ili yajaze siti, na Desemba yote hupanda hadi juu ya dari. Anayetaka kumsafirisha mzee kwa gharama nafuu aanzie hapo: Jumanne au Jumatano, mbali na sikukuu, akate tiketi mapema katika ofisi ya basi lenyewe, si kwa mpiga debe, na aombe siti ya mbele siku hiyohiyo. Hayo ni manufaa ya kila mtu, lakini mzee ndiye asiyebanwa na ratiba ya kazi, kwa hiyo yanamfaa zaidi.

Ila nauli ya mzee, iliyoandikwa hivyo, haipo. Nchi yetu inajua kuweka nauli kwa umri inapotaka. Mwanafunzi kwenye daladala hulipa 200. Reli ya kisasa ya SGR ilipoanza mwaka 2024, nauli ya Dar es Salaam hadi Dodoma ikiwa 31,000 kwa daraja la kawaida, ilitangazwa wazi kwamba mtoto wa miaka 4 hadi 12 atalipa nusu na wa chini ya 4 hatalipa. Na mzee pia anajulikana ni nani: Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtaja kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea. Sensa ya 2012 iliwahesabu zaidi ya milioni 2.5. Hawa wote, kwenye mashine ya tiketi, ni "mtu mzima".

Tuliondoka alfajiri. Tangu Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku kucha, na wapo waliotushauri gari la usiku kwamba ni nafuu. Shangazi alikataa katakata. Alitaka kuiona njia. Na kweli aliiona: Mikumi na tembo wake wawili pembeni ya lami, mibuyu ya Ruaha Mbuyuni, basi likipanda Kitonga kwa gia ndogo huku malori ya mafuta yakiwa yametangulia kama msafara wa harusi. Kila mahali alikuwa na neno. Hapa gari liliharibika mwaka fulani wakalala porini. Hapa baba yako alinunua vitunguu. Abiria wa siti za nyuma wakaanza kusogea mbele kumsikiliza.

Kuna jambo ambalo mtu asiyesafiri na mzee halijui. Nauli ni nusu tu ya anachohitaji. Nusu nyingine ni kuchimba dawa. Basi la masafa marefu husimama kwa wakati wake, na mzee ana wakati wake. Wengi huacha kunywa maji tangu jana yake ili wasimsumbue dereva, na wanafika wamekauka midomo, kichwa kinagonga. Nilikwenda kwa konda mapema, kabla ya Mikumi, nikamweleza. Akasema, "Bibi akitaka, anigonge bega." Alimgonga bega kabla ya Mafinga, na basi zima likasimama pembeni ya misitu ya misonobari, mtu asiseme kitu. Tena wengine waliteremka pamoja naye kwa haraka kiasi kwamba niligundua si yeye peke yake aliyekuwa akijikaza.

Makambako, Chimala, Igurusi, Uyole. Mbeya tuliikuta na ukungu ukishuka kutoka mlima Loleza. Baada ya Mbalizi kuna kibao cha Uwanja wa Ndege wa Songwe, na wageni wengi, mimi nikiwa mmojawapo, hudhani hapo ndipo mkoa unaanza. Uwanja uko Mbeya. Mkoa wa Songwe, uliozaliwa mwaka 2016 kwa kuumega Mkoa wa Mbeya, unaanza mbele zaidi, na makao yake ni Vwawa. Ukiingia Mbozi ardhi inakuwa nyekundu na mashamba ya kahawa yanakaribia barabara. Shangazi alinyamaza kwa mara ya kwanza tangu Msamvu. Tulipopita Mlowo alinishika mkono akanionyesha njia inayokatiza kulia kuelekea Igamba na Kamsamba. "Kule," akasema. Nikatazama vumbi la ile njia hadi likapotea.

Tunduma unaisikia kabla ya kuiona. Kuanzia Mpemba malori yamejipanga pembeni ya barabara: mafuta na mbolea yakielekea Zambia na Kongo, shaba ikirudi kuelekea bandarini. Madereva wametandika mikeka chini ya matela, wanapika. Mpaka ulifunguliwa kwa mtindo wa kituo kimoja cha pamoja mwaka 2019, na mji uliokuwa kijiji cha reli na forodha sasa una watu zaidi ya laki mbili. Upande wa pili ni Nakonde, na kati ya miji hii miwili watu wanapita na kurudi mchana kutwa kama hakuna mstari. Vijana wa kubadilisha pesa wameshika mafungu ya kwacha na shilingi, na kila bei mjini ina mapacha wake wa upande wa pili.

Dereva wa bajaji alitaja 3,000 kwenda Sogea, mtaa wa Baba Mdogo. Shangazi, amechoka, amevimba miguu, akamwuliza: "Wewe ni mtoto wa nani?" Kumbe mama yake anatoka Igamba. Tulilipa 1,000, na mizigo akaibeba hadi mlangoni.

Baba Mdogo alikuwa fundi cherehani. Cherehani bado ipo sebuleni, imefunikwa kitambaa, kwa sababu macho yamegoma na sindano haioni tena uzi. Ana miaka 69. Jioni ile, baada ya kilio cha furaha na ugali wa dona, umeme ukakata. Akatoa 5,000, mjukuu akanunua LUKU kwa simu. Ujumbe uliporudi nilimwomba nisome. Katikati ya mistari ile kulikuwa na kodi ya jengo, 1,500, imekwisha kukatwa kabla uniti hazijahesabiwa.

Kodi ya majengo ilianza kukatwa kupitia LUKU mwaka 2021, kwa 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na kuanzia Julai 2023 ikawa 1,500. Ni 18,000 kwa mwaka. Sheria hiyohiyo ya kodi ina msamaha kwa mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na kipato, kwa nyumba anayoishi mwenyewe. Baba Mdogo hakuwahi kuambiwa. Mita haiwezi kujua umri wa mwenye nyumba, inakata tu. Msamaha lazima aufuate mwenyewe, na hawezi kuufuata asiousikia.

Kesho yake tulikwenda ofisi ya mtaa, kwa sababu wanaoweza kuthibitisha kwamba fulani ni mzee, nyumba ni yake na cherehani imefunikwa, ni majirani na mwenyekiti wao. Tulibeba kitambulisho cha NIDA na karatasi ya kiwanja. Mtendaji, dada mwenye umri wa binti yangu, alitusikiliza, akaandika barua ya kumtambulisha kwa watu wa kodi, akagonga muhuri. Halafu akauliza kama kuna wazee wengine kwenye mtaa walio na hali hiyo. Baba Mdogo alianza kuwataja kwa majina, akatumia vidole vyote vya mikono miwili, akaanza upya. Yule dada akachukua daftari.

Siku tuliyopanga kwenda Igamba tulipanda Coaster ya Vwawa asubuhi. Nauli 2,000. Shangazi alimgeukia konda kwa maneno yake yaleyale, konda akapokea 1,000 yake bila neno na 2,000 yangu. Kituo cha Mpemba akapanda mzee mmoja. Mrefu, koti la zamani, fimbo, kiroba cha mahindi kimefungwa kwa kamba ya katani. Alikaa kwenye siti ya kukunjua karibu na mlango. Konda alipomnyooshea mkono, mzee alifungua kifungo cha mfuko wa shati, akatoa kinailoni, akakikunjua, ndani kukiwa na kitambulisho chenye picha yake na muhuri wa halmashauri. Kile wanachopewa wazee cha matibabu bila malipo. Akamwonyesha konda kwa mikono miwili.

Konda alikisoma. "Mzee wangu, hii ya hospitali. Ya gari bado."

Mzee akakikunja, akakirudisha kwenye nailoni, nailoni mfukoni, akafunga kifungo. Akalipa 2,000 za nauli na 1,000 ya kiroba. Hakusema neno lolote, wala baada ya hapo hadi Vwawa.

Alikuwa anakwenda kliniki ya presha. Nilimwuliza baadaye, wakati wa kumsaidia kuteremsha kiroba. Mahindi alikuwa anayapeleka akauze pale Vwawa, ndiyo nauli ya kurudia. Fikiria hilo. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inamsamehe gharama mzee asiye na uwezo. Hospitali nyingi za serikali zina dirisha la wazee, na kwenye ukuta kuna tangazo la kuwataka watu wampishe mzee kwanza. Yote hayo ni mema na yamepatikana kwa jasho. Lakini dirisha liko Vwawa, na mzee yuko Mpemba au mbali zaidi, na kati yao kuna Coaster isiyotambua kitambulisho chake. Matibabu ni bure, kuyafikia kunamgharimu mahindi ya kula.

Na kilichonichoma zaidi ni kwamba ndani ya gari lile moja Shangazi alikuwa amelipa nusu. Wana umri unaokaribiana. Tofauti yao ni ulimi, na mtu wa kuandamana naye. Shangazi anajua kuongea na vijana, amefanya biashara ya kibarazani maisha yake yote. Mzee yule alileta alichoamini ni haki yake, iliyopigwa muhuri, na alipoambiwa haifai hapa hakujua kuomba. Punguzo la hisani humfikia anayejua kuliitisha. Mnyamavu, mwenye haya, kiziwi, aliyesafiri peke yake, mgeni asiyejua lugha ya pale, hao hulipa kamili.

Nilirudi kwa konda wakati Coaster inajaza abiria wa kurudi. Sikwenda kumlaumu. Nilimwuliza tu hesabu yake. Akanieleza kwa uwazi: kila jioni kuna pesa ya tajiri, haipungui, awe amebeba watu au hewa. Juu ya hapo kuna mafuta, faini, mpiga debe. Kinachobaki ndicho chake na cha dereva. "Yule bibi nimempa yangu," alisema. "Yule mzee naye ningempa. Lakini siku za kliniki wanapanda wazee wengi. Nikiwapa wote, naenda nyumbani na nini?"

Hapo nikaelewa kwa nini amri peke yake haitoshi. Mfano tunao kila asubuhi. Nauli ya mwanafunzi ni 200 kwa agizo, na kila mzazi wa Kitanzania ameona konda akiziba mlango mtoto wa shule asipande, kwa sababu kila siti ya 200 inaukata mfuko wa konda, hauugusi wa tajiri. Tukiagiza kesho kwamba mzee alipe nusu, na hesabu ya tajiri ikabaki palepale, tutaona wazee wakizibiwa mlango vilevile. Heshima ya shikamoo ina nguvu, lakini si haki kuitwisha gharama ambayo mwenye gari na mwenye nchi wameikwepa.

Wenzetu waliolifanya jambo hili likasimama walianzia kwenye swali la nani analipa. Mauritius, kisiwa cha Kiafrika, iliwapa wazee na wanafunzi usafiri wa basi bila malipo mwaka 2005, na wenye mabasi hulipwa na serikali. Uingereza, kwenye eneo la England, kadi ya wazee ya kupanda basi bure ilianza kutumika nchi nzima Aprili 2008, na halmashauri ndizo zinazowarudishia wenye mabasi. Ni nchi tajiri, ndiyo, lakini jibu lao si la utajiri peke yake. Waliukubali mzigo kuwa wa umma. India nayo ina funzo la upande mwingine: reli yao ilikuwa ikiwapunguzia wanaume wa miaka 60 na zaidi asilimia 40 na wanawake wa miaka 58 na zaidi asilimia 50, kisha Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, punguzo likasitishwa. Korona ikapita, treni zikajaa, na miaka ikapita bila wazee kurudishiwa punguzo lao. Kilichotolewa kwa tangazo huondolewa kwa tangazo. Zanzibar ndiyo inayonipa moyo: pensheni ya jamii kwa kila mwenye miaka 70 na zaidi ilianza 2016 kwa 20,000 kwa mwezi, ikapanda hadi 50,000 mwaka 2023, na sheria ya wazee ilitungwa 2020. Mzee wa Makunduchi akipanda gari, pesa iliyo mkononi ni yake, haombi mtu amtazame.

Kutoka Vwawa tuliendelea hadi Mlowo, tukapanda Noah ya Igamba. Humo hakukuwa na bei ya kujadili. Dereva alipojua Shangazi ni binti wa nani alikataa nauli yake yote, akamweka mbele, na abiria waliokuwa nyuma wakaanza kuuliza: wa ukoo gani, aliolewa wapi, yule kaka yake aliyekwenda Morogoro yu hai? Nilijibu mimi kuhusu baba. Gari likanyamaza kidogo, mama mmoja akanishika bega kutoka nyuma.

Igamba siwezi kuieleza yote. Nyumba ya babu haipo, ipo mikahawa aliyoipanda, imezeeka, bado inazaa. Mbuni mmoja ulikuwa na matunda mabichi, mekundu na yaliyokauka kwa wakati mmoja. Shangazi alichuma jekundu, akalimenya kwa meno, akanipa ile nyama tamu ya juu nionje, akaniambia baba alipigwa fimbo akiwa mtoto kwa kula hayo badala ya kuyapeleka kwenye chama cha ushirika. Watu walikuja hadi jioni. Sikujua kwamba nina ndugu wengi hivyo.

Tuliporudi Tunduma nilimsimulia Baba Mdogo habari ya yule mzee wa Mpemba. Baba Mdogo yumo kwenye baraza la wazee la kata, baraza ambalo kwa miaka limekuwa likiitwa kupiga makofi tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee, na kupewa khanga na sabuni. Tukaketi na daftari la mjukuu. Nilimwambia kile konda alichosema: siku za kliniki ndizo wazee wanazopanda, na saa nne hadi saa nane mchana, kati ya wale wa asubuhi na wale wa jioni, Coaster za Vwawa huondoka na siti tupu. Siti tupu haimwingizii tajiri chochote. Mzee mwenye 1,000 kwenye siti ile ni faida, si hasara.

Basi ombi likaandikwa hivi. Wenye magari ya Tunduma na Vwawa wakubali mzee mwenye kitambulisho cha halmashauri alipe nusu kati ya saa nne na saa nane, siku za kazi, na asitozwe kiroba kimoja. Kila tajiri ashushe hesabu ya siku kwa kiasi cha wazee waliobebwa, konda aandike idadi. Hospitali iombwe iwapangie wazee kliniki ya presha na kisukari saa za mchana badala ya alfajiri. Bango libandikwe kwenye mlango wa gari, kwa herufi kubwa, ili asiyeweza kuomba asihitaji kuomba. Na kwa sababu haya ni maelewano ya kata moja na matajiri wachache, nakala iende kwa mbunge na kwa LATRA mkoani, ikisema wazi kwamba wazee wanataka nauli yao iandikwe na fedha yake itafutwe.

Shangazi alisikiliza yote. Alitaka kipengele kimoja kiongezwe: gari lisimame mzee akigonga bega. Tukakiandika.

Wakati wa kukata tiketi za kurudi Morogoro, Baba Mdogo alikwenda nasi hadi ofisi ya basi, akaomba kumwona mwenye gari mwenyewe badala ya wakala. Tajiri alikuwepo, anahesabu vitabu vya mizigo. Alikuwa mtu wa makamo, akaamkia, akasoma ombi lote amesimama. Alisema la masafa marefu hawezi kuliamua peke yake kabla hajaongea na wenzake, ila Coaster zake tatu za Vwawa ni zake. Akauliza kikao cha baraza ni lini. Baba Mdogo akamwambia: Jumatano, saa nne, ofisi ya kata, na akamwomba aje na makonda wake.